Padri wa Wagiriki

Sisi wa Mwanza tumezoea kudhani kila kanisa lililetwa na mmisionari aliyetumwa kutuhubiria. Waorthodoksi wana hadithi tofauti, na mimi naipenda.

Padri Nikodemos Sarikas, Mgiriki, alihamia Tanganyika akitokea Johannesburg. Huko Arusha alikuwa padri wa Wagiriki wenzake. Nchini Uganda, Reuben Spartas Mukasa alijitenga na Waanglikana mwaka 1929, akajitangaza Mworthodoksi bila kutumwa na mtu. Kisha Mgiriki mmoja wa Uganda akataka wanawe wabatizwe, lakini ibada akaiona siyo ile ya kwao. Ndipo Sarikas akaitwa, naye akawashauri waandike barua Alexandria. Wakasubiri sana: walipokelewa rasmi mwaka 1946.

Basi padri wa Wagiriki akawa mlango wa Waafrika. Ila jamani, tusimpe sifa zote. Aliyebisha hodi ni Spartas.

Leo Mwanza ina askofu mkuu wa Kiorthodoksi. Kwa miaka mingi kiti hicho alikikalia Ieronymos Muzeeyi, Mganda. Mhamiaji tena, safari hii kutoka ng'ambo ya ziwa.