Farasi Katika Mizani: Matunzo ya Mnyama Katika Sira na Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Katika darasa zetu za hadithi, kila tunapofika milango inayohusu farasi katika Kitabu cha Jihadi cha Sahihi Bukhari, hutokea jambo lile lile. Wanafunzi husikiliza kwa makini tunaposoma kwamba kheri imefungamana na nywele za utosi wa farasi mpaka Siku ya Kiyama. Kisha tunaingia katika hadithi ya Abu Hureira (r.a.), inayoeleza kwamba mwenye kumfuga farasi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, akiiamini ahadi Yake, basi shibe ya farasi huyo, maji anayokunywa, kinyesi chake na mkojo wake vitawekwa katika mizani ya mwenyewe. Hapo baadhi ya wanafunzi hutazamana na kutabasamu. Mwaka mmoja kijana mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Sheikh, habari ya upanga tumeielewa. Lakini kinyesi kinaingiaje katika mizani?"

Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la mtu ambaye hajawahi kuishi na farasi, na wengi wetu katika nchi hizi ni kama yeye. Mbung'o na maradhi anayoyaeneza wamewazuia farasi kustawi katika sehemu kubwa za bara letu, na mizigo ya watu wetu wa pwani imebebwa zaidi na punda. Farasi tunamjua kwa Suratul Aadiyat na kwa visa vya vita. Kwa sababu hiyo tumezoea kumwona akiwa mbioni, na mpanda farasi akiwa juu yake. Hatumwoni yule aliyeamka alfajiri kumkatia majani.

Nyumba ya Zubeir

Waliosikia maneno hayo kwa mara ya kwanza walikuwa wakimjua mtu huyo. Farasi katika Hijazi walikuwa wachache na ghali. Waandishi wa sira wanataja kwamba katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu waliozidi 300 walikuwa na farasi wawili tu, mmoja wa Miqdad na mwingine wa Zubeir bin Al-Awwam (r.a.). Kumfuga farasi katika mji wenye majani haba kulikuwa ni mzigo kwa nyumba nzima.

Tunaujua mzigo huo kwa ulimi wa aliyeubeba. Bibi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.), mke wa Zubeir, amesimulia katika riwaya za Bukhari na Muslim kwamba alipoolewa mumewe hakuwa na mali wala mtumwa, ila ngamia wa kuteka maji na farasi wake. Yeye Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipotoboka, na akakanda unga. Mikate hakuijua vizuri kuioka, ikawa jirani zake wanawake wa Kiansari wanamuokea. Kwa ajili ya wanyama alibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika ardhi ambayo Mtume (s.a.w.) alimkatia Zubeir, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi, yaani zaidi ya kilomita tatu. Riwaya ya Muslim inaongeza kwamba kokwa hizo alizitwanga kwa ajili ya kumlisha ngamia, na kwamba katika kazi zote hakuna iliyokuwa nzito kwake kuliko kumhudumia farasi: kumtafutia majani na kumsimamia. Kwa mujibu wa Bukhari, baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, alijiona kama mtu aliyeachwa huru.

Ndugu msomaji, tuzingatie hapa. Katika vitabu vya sira Zubeir anatajwa kuwa ni shujaa na mpanda farasi wa Mtume (s.a.w.), na ni haki yake. Lakini farasi yule asingeweza kubeba mtu vitani kama asingelishwa nyumbani. Bibi Asmaa hakuwa na upanga mkononi. Alikuwa na mzigo wa majani, na mzigo huo ndio unaotajwa na hadithi ya mizani.

Imepokewa pia kutoka kwa Jarir bin Abdillah (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akizisokota nywele za utosi wa farasi kwa kidole chake, huku akieleza kheri iliyomo ndani yake. Aliyesema neno lile la kheri alikuwa amesimama karibu na mnyama, mkono wake ukiwa juu yake.

Mazoezi na mbio

Jambo la pili ni mafunzo. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa idhmari kuanzia Al-Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa, na wale ambao hawakufanyiwa idhmari kuanzia hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zureiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda. Sufyan, mmoja wa wapokezi, ameukadiria mwendo wa kwanza kuwa ni maili tano au sita, na wa pili maili moja.

Wanazuoni wa sherehe za hadithi wameeleza maana ya idhmari. Farasi hulishwa vizuri mpaka anenepe na kupata nguvu. Kisha chakula chake hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kiwe cha kumtosha tu. Huingizwa ndani ya nyumba na kufunikwa matandiko ili apate joto na kutoka jasho. Jasho likikauka, nyama yake hupungua, mwili hukaza na pumzi humtosha kwa mbio. Kazi hii huchukua siku nyingi, na anayeifanya kwa pupa humdhoofisha mnyama badala ya kumtia nguvu.

Angalia sasa fiqhi iliyomo katika kutofautisha masafa. Farasi aliyeandaliwa alipewa maili tano au sita, na ambaye hakuandaliwa alipewa maili moja. Hakuna mnyama aliyetakiwa kufanya asichofundishwa. Wanazuoni wamechukua katika hadithi hii uhalali wa kushindanisha farasi na uhalali wa kumfanyia idhmari, ingawa ndani yake mna kumpunguzia chakula, kwa kuwa ni kwa maslahi yanayojulikana na kwa kipimo. Kumnyima chakula bila ya maslahi hayo kunabaki katika hukumu ya dhulma.

Ama zawadi ya mashindano, hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai imeihusisha na ngamia, farasi na mishale. Jumhuri ya mafaqihi wameihalalisha zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mtu wa nje, au na mmoja wa washindani. Zikitolewa na washindani wote, walio wengi wameshurutisha awepo mshindani mwingine asiyetoa kitu, anayeitwa muhallil, ili isiwe kamari. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria/1328) na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria/1350), katika kitabu chake Al-Furusiyya, hawakuliona sharti hilo kuwa ni lazima. Khitilafu hiyo ni baina ya wenye farasi wanaoshindana. Mtazamaji anayeweka fedha yake kubashiri nani atashinda hana nafasi katika kauli yoyote kati ya hizo mbili. Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya mazoezi ya mpandaji na mnyama, naye hakufundisha farasi wala hakupanda.

Haki shingoni mwake

Hadithi nyingine ya Abu Hureira (r.a.), iliyomo katika Sahihi mbili, imewagawa wenye farasi mafungu matatu. Kwa mmoja farasi ni ujira, naye ni aliyemfunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu akamrefushia kamba malishoni. Kwa wa pili ni sitara, naye ni aliyemfuga ili ajitegemee asiombe watu, wala hakusahau haki ya Mwenyezi Mungu katika shingo na mgongo wake. Kwa wa tatu ni dhambi, naye ni aliyemfuga kwa kiburi, kujionyesha na uadui dhidi ya Waislamu. Farasi ni yule yule mmoja. Tofauti imo katika nia na matunzo ya mwenyewe.

Maneno ya haki ya shingo yamezaa mjadala wa fiqhi. Imam Abu Hanifa aliona kwamba farasi wa kuchungwa wanaofugwa kwa kuzaliana, madume na majike, wana zaka. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu, na jumhuri wamesema hakuna zaka kwa farasi asiyekuwa wa biashara, kwa hadithi sahihi inayomwondolea Muislamu sadaka ya farasi wake. Miongoni mwa wanazuoni hao wapo walioifasiri haki ya shingo kuwa ni kumfanyia mnyama wema na kutekeleza mahitaji yake.

Na katika mahitaji yake, la kwanza ni chakula. Mafaqihi wamekubaliana kwamba nafaka ya mnyama ni wajibu kwa mwenyewe mbele ya Mwenyezi Mungu. Wamekhitilafiana kuhusu kadhi. Wamaliki, Washafii na Wahanbali wanasema kadhi humlazimisha mwenye mnyama amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Kauli iliyo dhahiri kwa Wahanafi ni kwamba huamrishwa bila ya kulazimishwa na hukumu, na Abu Yusuf ameona alazimishwe. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam (aliyefariki mwaka 660 Hijria/1262), aliyekuwa katika madhehebu ya Imam Shafii, alipozihesabu haki za wanyama katika Qawaidul Ahkam, alianza na kumlisha mnyama hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, kisha asibebeshwe asichokiweza.

Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) kumtoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Aliyempata alimpuuza, Umar akataka kumnunua ili amwokoe, na Mtume (s.a.w.) akamkataza kuirejea sadaka yake. Wanazuoni huileta hadithi hii katika mlango wa kurejea sadaka. Nasi tunaongeza jambo dogo: Umar aliendelea kumfuatilia farasi ambaye hakuwa wake tena, na hali yake ilimuuma.

Matabibu wa farasi na muhtasibu

Elimu hii haikubaki katika vitabu vya hadithi peke yake. Katika zama za Khalifa Al-Mu'tadhid (279–289 Hijria/892–902), Ibn Akhi Hizam alitunga kitabu cha upandaji farasi na tiba yake. Misri, Sultan Baibars (658–676 Hijria/1260–1277) alisimamisha upya mfumo wa barua, ambapo farasi wa kubadilishana waliwekwa vituoni, na habari ikafika Cairo kutoka Damascus kwa muda wa siku nne hivi. Mfumo kama huo unasimama kwa chakula, maji na mapumziko katika kila kituo. Baadaye, katika zama za Sultan An-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki mwaka 741 Hijria/1341), mtabibu wake wa farasi, Abu Bakr bin Badr, alitunga Kamilus Sina'atain, kitabu kinachojulikana pia kwa jina la An-Nasiri. Sanaa mbili zinazokusudiwa ni tiba ya farasi, na ulezi na mafunzo yake. Katika karne ya 19 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kifaransa.

Sheria nayo ilimfuata mtabibu huyo mpaka sokoni. Vitabu vya hisba, kama cha Shaizari na cha Ibnul Ukhuwwa (aliyefariki mwaka 729 Hijria/1329), vina mlango maalumu wa mabaitari, yaani watibu wanyama na wapiga kwato. Muhtasibu alitakiwa kuwachunguza. Aliyekata, akachoma au akapiga msumari bila ya ujuzi, mnyama akaharibika, alilipa upungufu wa thamani yake.

Punda wetu je?

Tunamrudia kijana wetu na swali lake. Kinyesi kinaingia katika mizani kwa sababu kipo mtu anayekizoa. Mwenye kukizoa kila siku, bila ya kuonekana na yeyote, kwa nia njema, Mola wake hampotezei kazi yake.

Huenda mtu akasema: haya ni ya farasi, nasi farasi hatuna. Ijumaa moja tulitoka msikitini tukamkuta punda amefungwa juani pamoja na mkokoteni wa mawe, ana kidonda kibichi begani mahali kamba inapopita, na nzi wamejaa juu yake. Mwenyewe alikuwa ndani, safu ya pili, akiswali pamoja nasi. Watu wengi walimpita mnyama yule wakisalimiana, nasi tulikuwa miongoni mwao mpaka tulipokumbuka tuliyoyasomesha wiki ile. Tulimwita bwana yule pembeni, akamfungua, akamtafutia kivuli na maji. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia juu ya mimbari kwamba bega la punda lina hukumu. Lawama hiyo ni yetu kabla ya kuwa yake.

Na jibu la anayesema kwamba hayo ni ya farasi limo ndani ya hadithi ile ile ya mafungu matatu. Baada ya kuyataja mafungu ya wenye farasi, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu punda. Akajibu kwamba hakuteremshiwa jambo mahsusi juu yao, ila aya moja ya pekee yenye kukusanya yote, naye akazisoma aya mbili za mwisho za Suratuz Zilzala, zinazotaja uzito wa chembe wa kheri na uzito wa chembe wa shari.

Maimamu wenzetu waisome hadithi hiyo mpaka mwisho wake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwahurumia waliomo ardhini. Amin.