Grand Prairie: Ndege iliyoshindwa, ufundi uliobaki

Mwaka 1948 kampuni ya Chance Vought ilianza kuhama kutoka Connecticut kwenda Grand Prairie, karibu na Dallas, jimboni Texas.

Wakati huo ndipo ndege ya kivita F6U Pirate ilipoingia katika uzalishaji. Ngozi yake ilikuwa mabamba ya alumini yaliyogundishwa pande mbili za mti mwepesi wa balsa. Sehemu nyingine zilikuwa na nyuzi za kioo. Nguvu za injini hazikutosha, na ndege 33 tu ziliundwa.

Ndege ilikufa, lakini ufundi wa kugundisha tabaka uliishi. Leo hata fundi wa nyumbani hufunika kazi yake kwa mfuko wa plastiki na kufyonza hewa kwa pampu. Hewa ya nje huikandamiza kazi hiyo kwa uzito unaokaribia kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba.

Mapovu yakibaki au tabaka zikiachana, jambo la kwanza kushukiwa ni uvujaji. Fundi hufunga valvu ya pampu na kutazama kipimo: kikirudi haraka kuelekea sifuri, tundu litafutwe kabla gundi haijaganda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na bawa lililokwisha kuganda na mapovu ndani si rahisi kulitengeneza.