Asili ya Jina Chikungunya

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazotumiwa leo duniani kote, chache zimetoka katika lugha za Afrika Mashariki, na iliyo wazi zaidi kwa maana yake ni chikungunya, jina la homa inayoenezwa na mbu wa jenasi ya Aedes, ambayo maumivu yake makali ya viungo huweza kudumu kwa miezi mingi. Ugonjwa huo ulizuka mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake ya kitabibu wakilihifadhi jina walilolitumia wenyeji, linalotokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kujikunja au kupindika, kwa kuwa mgonjwa hutembea ameinama, akishindwa kunyoosha mwili. Vitabu kadhaa vimeliita neno hilo la Kiswahili, kosa linalostahili kusahihishwa kila linapoonekana, kwa sababu linawanyima Wamakonde haki ya uchunguzi wao wenyewe, ambao uliitambua dalili kuu ya ugonjwa kabla ya kirusi chake kutengwa maabara. Jina la o'nyong-nyong, homa ya jamii hiyohiyo iliyozuka Uganda mwaka 1959, nalo limetokana na Kiacholi, likieleza viungo vilivyodhoofika.