Fomu ya tovuti inapogoma kutumwa: Chanzo na tiba yake

MWOMBAJI wa kazi anajaza fomu ya tovuti kwa simu yake hadi mwisho, anabonyeza kitufe cha "Tuma", lakini hakuna kinachotokea. Mwenzake anaijaza fomu hiyo hiyo kwa simu mpya, nayo inakwenda mara moja. Muda wa maombi ukipita, hasara ni ya yule wa kwanza, ingawa kosa huenda ni la aliyetengeneza tovuti.

Lugha ya JavaScript, inayoendesha fomu nyingi, ilibuniwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa toleo lake, JScript, ndani ya Internet Explorer 3. Kanuni za pamoja zilichapishwa Juni 1997, lakini kila kivinjari huzipokea kwa wakati wake.

Kutokana na hali hiyo, alama mpya kama "?.", iliyoingia katika kanuni za mwaka 2020, haieleweki kwa kivinjari cha zamani. Kivinjari hicho hukataa faili zima, si mstari mmoja tu. Vivyo hivyo, tarehe iliyoandikwa "2024-03-05 10:30" haimo katika muundo rasmi, ambao hutaka herufi T kati ya siku na saa. Kila kivinjari huisoma kinavyoona.

Ili kubaini kosa, fungua zana za watengenezaji ndani ya kivinjari kilichogoma. Katika kompyuta za Windows, Chrome, Firefox na Edge huzifungua kwa kitufe cha F12. Soma ujumbe wa kwanza wa kosa na namba ya mstari wake, kwani yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake.

Hata hivyo, tiba ya kudumu ni kuijenga fomu iweze kutumwa bila JavaScript. Iwe na anwani ya kupokea taarifa na kitufe halisi cha kutumia. JavaScript iongeze wepesi tu. Aidha, programu isizuie utumaji wa kawaida kabla ya kuhakikisha kuwa kivinjari kina uwezo unaohitajika. Ikizuia kwanza kisha ikakwama, kitufe hubaki kimya.

Uhakiki wa taarifa nao ufanyike tena kwenye seva. Mwisho, fomu ijaribiwe kwa simu ya zamani kabla ya kutangazwa kwa umma.