Zebaki Si ya Namna Moja

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: ZE-BA-KI. Wanafunzi, someni pamoja.

Zebaki ni madini mazito, yanayong'aa kama fedha na kutiririka kama maji. Wachimba dhahabu huitumia kunasa chembe za dhahabu. Zebaki ni sumu, lakini si ya namna moja. Ninyi mnaujua muhogo mtamu na muhogo mchungu. Yote ni mihogo, lakini ule mchungu usipotayarishwa vizuri huua. Zebaki nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1956, huko Minamata, Japani, iligunduliwa kwamba wavuvi na watoto wao wanaugua. Walitetemeka, wakashindwa kusema, na wengine wakafa. Kiwanda kilikuwa kimemwaga taka zake baharini. Sumu ikaingia katika samaki, na watu wakawala samaki hao. Sumu hiyo huitwa zebaki ya methili. Hudhuru ubongo, hata wa mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Je, mtu wa maabara huijuaje? Kupima zebaki yote pamoja hakutoshi, maana kipimo hicho huonyesha kiasi tu, wala hakionyeshi namna yake. Mwaka 1966 Bibi Gunnel Westöö, mkemia wa Uswidi, alieleza njia ya kupima zebaki ya methili peke yake. Nyama ya samaki husagwa na kutiwa dawa ili kuitoa zebaki hiyo. Kisha hupitishwa na gesi katika bomba jembamba. Kila kitu hutoka kwa wakati wake, kama abiria wanaoshuka kila mmoja kituoni kwake. Bibi huyo aliona kwamba karibu zebaki yote iliyomo katika nyama ya samaki ni ya methili.

Elimu hiyo ilifika Tanzania. Katika miaka ya 1990, Dk. Masazumi Harada, tabibu mashuhuri wa ugonjwa wa Minamata, na wenzake walipima nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Wengi walikuwa na zebaki kidogo. Wachache, hata wasiochimba dhahabu, walikuwa na nyingi mno. Wataalamu hawakuwashuku samaki. Waliishuku sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotiwa zebaki. Zebaki ya sabuni si ya methili. Hiyo huharibu figo.

Fikirini, ndugu zangu. Kama wangetazama kiasi tu, mvuvi angeambiwa aache samaki, kitoweo chake na riziki yake, na sabuni ingebaki nyumbani ikiendelea kudhuru. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ambao unapiga marufuku vipodozi vilivyotiwa zebaki.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini kupima kiasi cha zebaki peke yake hakutoshi?
2. Sabuni unayotumia imeandikwa nini? Ilete darasani, tuisome pamoja.

Kwaherini.