Mbunge mwanamke si wa kugawa leso na basari tu

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na hapa Pwani swali ni lile lile la miaka yote: huyu mama ametupa nini? Hutajwa aliyegawa leso, aliyetoa basari, aliyenunulia chama cha kina mama mahema na viti. Mimi sina ubaya na leso wala basari. Mtoto aliyelipiwa karo amesaidika, na mama aliyepata viti vya kukodisha amepata riziki. Lakini hicho si kipimo cha mtunga sheria. Na wakati huu ambapo mvua haina miadi na bahari inazidi kula ufuo, kipimo hicho kinatugharimu, kwa sababu kinatusahaulisha kumuuliza mheshimiwa mambo ambayo kweli yako mikononi mwake.

Nimeonelea basi tuyapange mambo haya mahali pamoja: nani ana kazi gani, mabadiliko ya tabianchi yanamhusu vipi, na sisi tuulize nini.

Nani ni nani

Katiba ya 2010 iliweka viti 47 vya wanawake katika Bunge la Taifa, kimoja kwa kila kaunti. Tumezoea kumwita mwenye kiti hicho mwakilishi wa wanawake, na wengi hudhani yeye ni msimamizi wa vyama vya kina mama tu. Sivyo. Ni mbunge kamili. Anajadili miswada, anapiga kura juu ya bajeti ya nchi na anakaa katika kamati, sawa na mbunge yeyote wa eneo bunge. Seneti nayo ina wanawake 16 wanaoteuliwa kupitia vyama. Katika mabunge ya kaunti, viti vya ziada hutolewa baada ya uchaguzi ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili.

Viti vya kuchaguliwa jimboni ndiko kwenye kazi ngumu. Pwani ina kaunti sita na maeneo bunge 26. Mwaka 2017 wanawake walioshinda katika maeneo hayo walikuwa watatu: Naomi Shaban wa Taveta, Aisha Jumwa wa Malindi na Mishi Mboko wa Likoni. Mwaka 2022 walikuwa watatu tena: Mishi Mboko wa Likoni, Amina Mnyazi wa Malindi na Ruweida Obo wa Lamu Mashariki. Hatukupanda, hatukushuka.

Hata hivyo, ukiyatazama majina hayo utaona jambo. Jumwa alianzia kiti cha wanawake cha Kilifi, Mboko cha Mombasa, Obo cha Lamu. Kiti kile kimekuwa ngazi. Anayesema kifutwe kwa sababu ni cha hisani, na atueleze kwanza ngazi nyingine iko wapi. Naomi Shaban aliingia bungeni 2002 kabla kiti hicho hakijakuwapo, na alikaa vipindi vinne, lakini alikuwa mmoja. Huko Kwale, Fatuma Achani alikuwa naibu wa gavana kwa zaidi ya miaka tisa kabla ya kuchaguliwa gavana 2022, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Pwani.

Tabianchi inaingia wapi

Kati ya kaunti zetu sita, tano ziko katika orodha ya maeneo kame na nusu kame. Ni Mombasa pekee isiyokuwamo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha ipasavyo. Ganze, Kinango na Tana River walizika mifugo. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja kwa hasira, mto Tana ukafurika, na Aprili na Mei 2024 ukafurika tena. Watu wale wale waliolia kiu wakahamishwa na maji.

Katika hali zote mbili mzigo wa kwanza humwangukia mwanamke. Yeye ndiye anayetembea na mtungi kutafuta maji, na yeye ndiye anayepika katika kambi ya mafuriko. Kule Kibuyuni, kusini mwa Kwale, wanaolima mwani wengi wao ni kina mama, na maji ya bahari yakizidi joto mwani huharibika. Hawa hawahitaji semina ya kuambiwa kwamba tabianchi imebadilika. Wanahitaji mtu wa kulisema jambo lao pale fedha zinapogawanywa.

Najua wapo watakaosema kuwa mwanamke si lazima awe mtetezi bora wa mazingira, na nawakubalia. Uke peke yake si sifa ya uongozi. Lakini yapo mambo ambayo hayaonekani mpaka aingie anayeyaishi. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini mwa Bunge na mtoto wake mchanga, akaamriwa atoke. Nchi nzima ikaanza kuzungumza juu ya mama anayenyonyesha kazini. Maji na kuni ni vivyo hivyo. Asiyewahi kuyabeba huyahesabu kuwa mambo madogo.

Na historia inaonyesha kuwa wanawake bungeni wamekuwa na mkono katika jambo hili. Wangari Maathai alikuwa mbunge wa Tetu na waziri msaidizi wa mazingira alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilipopita, kamati ya mazingira ya Bunge la Taifa ilikuwa chini ya uenyekiti wa Amina Abdalla, mbunge wa kuteuliwa. Sheria hiyo ndiyo inayozitaka serikali kuu na za kaunti ziingize tabianchi katika mipango yao ya maendeleo.

Mwaka 2023 sheria hiyo ilirekebishwa ili kusimamia biashara ya hewa ya ukaa, na hapa Wapwani tufungue macho. Mradi wa biashara hiyo ulio katika ardhi ya umma au ya jamii unatakiwa uwe na mkataba wa maendeleo na wenyeji, na kwa miradi ya ardhi fungu la jamii lisipungue asilimia 40 ya mapato kama sheria inavyoyahesabu. Sisi si wageni wa biashara hii. Pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya ukaa tangu 2013 kwa kulinda hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni. Vanga nao wakafuata. Lakini makampuni makubwa yakija na mikataba ya miaka mingi, nani atausomea mkataba huo kijiji? Nani atauliza hizo asilimia 40 zimehesabiwa baada ya kutoa gharama zipi? Hiyo ni kazi ya mtunga sheria, na haifanywi kwa leso.

Fedha ziko wapi

Mara nyingi barazani nasikia watu wakimlaumu mwakilishi wa wanawake kwa kukosa kisima. Tuwe waadilifu. Yeye husimamia mfuko wa NGAAF, wenye fungu dogo kuliko CDF ya wabunge wa maeneo bunge, ilhali yeye ana kaunti nzima. Huduma za maji, kilimo, uvuvi na kukabili majanga ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kisima chako kinapigiwa kura na MCA.

Ndiyo maana nasema kiti cha mwanamke kilicho muhimu zaidi kwa tabianchi ni kile tusichokitazama: cha bunge la kaunti. Chini ya mpango wa FLLoCA, unaosaidiwa na Benki ya Dunia, kaunti zilitakiwa kuwa na sheria ya tabianchi, hazina yake, na kamati mpaka ngazi ya wadi, ili wananchi wenyewe waseme wanataka bwawa, tangi au miche. MCA ndiye anayepitisha sheria hiyo na kuuliza fedha zilikwenda wapi. Tukimwachia mwanamke viti vya kuteuliwa tu, tunampeleka huko bila wadi na bila wapiga kura wanaomdai. Anayemdai huwa ni chama kilichomteua.

Tarehe nazo zina maana. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kina mama wakienda kudai maji mwezi Juni, sahani ishakombwa.

Basi mgombea akija na gari la vipaza sauti, awe mwanamke au mwanamume, muulizeni haya. Ni mswada gani utakaoupeleka au kuuunga mkono kuhusu maji, mikoko au mafuriko? Hazina ya tabianchi ya kaunti yetu ina kiasi gani, na wadi hii ilipata nini mwaka jana? Mkataba wa hewa ya ukaa ukija kijijini, utatusomea kwa Kiswahili kabla hatujatia saini? Asiyekuwa na jibu, ipokeeni leso yake, mumshukuru, kisha kura mumpe mwingine. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wetu huu maji yashaanza kuuingia.