Ndege Iliyopewa Jina la Mti Mwingine

Novemba 2, 1947, katika bandari ya Long Beach, California, tajiri Howard Hughes alishika usukani wa ndege yenye mabawa ya mita 97 na kuiinua juu ya maji. Iliruka kiasi cha kilomita moja na nusu, mita 21 hivi kutoka usawa wa bahari, kisha ikatua. Haikuruka tena.

Magazeti yaliibandika jina la utani, Spruce Goose, yaani bata bukini wa msprusi, mti wa jamii ya misonobari. Hughes alilichukia jina hilo. Isitoshe, halikuwa la kweli: sehemu kubwa ya ndege ile ilikuwa mbao za mbetula. Mti mmoja ulifanya kazi, mwingine ukachukua sifa.

Mbetula humea kwenye nchi za baridi, kama Finland, Urusi na Kanada. Huko Novgorod, Urusi, watu wa Zama za Kati waliandikiana barua juu ya magome yake, na wanaakiolojia wamekuwa wakizifukua tangu 1951. Mbao zake zina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ni ngumu, nyuzi zake zimeshikana sawasawa, na gundi huzikamata vizuri. Ila nguzo ya mbetula ukiichimbia ardhini huoza upesi. Fundi aliyezoea mvule angeicheka.

Mbetula iliokolewa na kumenywa. Gogo hulainishwa kwa maji moto au mvuke, kisha huzungushwa mbele ya kisu kirefu kinachotoa utepe mwembamba usiokatika, vile muuza machungwa anavyomenya ganda kwa mkupuo mmoja. Tabaka hizo hupakwa gundi na kubandikwa nyuzi zikipishana, hii wima, ile mlalo, ndipo hushindiliwa. Hiyo ndiyo plaiwudi.

Nchini Finland msanifu majengo Alvar Aalto alienda mbali zaidi. Akishirikiana na fundi wa samani Otto Korhonen, alichukua ubao mnene wa mbetula, akachana ncha yake kwa msumeno kufuata nyuzi, akapenyeza vipande vyembamba vyenye gundi ndani ya mianya, halafu akaukunja kama goti. Mguu huo ndio uliobeba stuli yake ya 1933, ambayo hadi leo inaundwa. Aalto aliona chuma ni baridi mno kwa mwili wa binadamu, hasa mwili wa mgonjwa. Viti alivyobuni kwa ajili ya sanatoria ya kifua kikuu ya Paimio vilikuwa vya mbao zilizopindwa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, alumini ikawa adimu. Uingereza ilikuwa na maseremala wengi waliokosa kazi ya samani, na kampuni ya de Havilland ikawapa kazi: ndege ya Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 25, 1940. Kiwiliwili chake kilikuwa karatasi mbili za plaiwudi ya mbetula, katikati zikiwa zimebana balsa, mti mwepesi kutoka Ekuado. Kiliundwa kwa nusu mbili kama maganda ya karanga, mafundi wakapitisha nyaya na mabomba huku kila nusu ikiwa wazi, ndipo zikaunganishwa. Ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa zenye mbio kuliko zote za wakati wake. Zilitengenezwa 7,781.

Gundi iliyoipandisha angani ndiyo iliyoiponza. Mwishoni mwa 1944, huko India, Mosquito kadhaa zilipasukia hewani, na wakaguzi wakakuta maungio ya mabawa yameachia. Ubishi ukazuka: wapo waliolaumu joto na unyevu wa kitropiki, wengine wakanyooshea kidole viwanda vilivyounganisha mbao bila kuzibananisha sawasawa. Lawama ya pili inaaminika zaidi, kwa kuwa fundi yeyote anajua kwamba gundi haizibi pengo la kazi ya haraka.

Dawa iliyopatikana haikuwa chuma. Mafundi walikata utepe wa plaiwudi, wakaupaka gundi na kuubandika kwa urefu wa bawa, kufunika mshono uliokuwa ukiachia.